Cartagena, Kolombia: anzia kwa San Pedro Claver

Ukifika Cartagena usikimbilie ngome. Anzia kanisa la San Pedro Claver, padri Mjesuiti aliyewahudumia Waafrika walioshushwa bandarini pale wakiwa watumwa, hadi alipofariki 1654. Mifupa yake imo chini ya altare, fuvu unaliona kupitia kioo. Mimi mtoto wa Bagamoyo nilisimama pale, machozi yakanilengalenga.

Ngome ya San Felipe, ambako Waingereza walishindwa 1741, nenda asubuhi na maji yako. Huko juu kivuli ni haba mno. Ingia mahandakini, upapase mawe.

Makumbusho ya dhahabu ya Wazenú, wenyeji wa asili wa kaskazini mwa Kolombia, ni madogo, ila vile vipuli, utadhani vimesukwa kama ukili! Nilivikodolea macho nusu saa nzima.