Shokapu ya hewa niliyokusudia kuirudisha dukani: uzoefu wangu kati ya Mtambwe na Micheweni

Nilipomaliza mwezi wa kwanza na baiskeli yangu ya milimani, ambayo mbele ina shokapu ya hewa inayobonyea hadi milimita 120 na nyuma haina kitu, nilikuwa nimeshakata shauri kuirudisha Unguja nilikoinunua. Kila Jumamosi huenda shambani kwetu Mtambwe, hapa Pemba, kwa njia ya udongo mwekundu inayopanda na kushuka katikati ya mikarafuu, na kila nilipoteremka mizizi ilinipiga viganjani na maumivu yakapanda hadi kwenye viwiko. Muuzaji alinihakikishia kwamba shokapu imeshapangwa na haihitaji kuguswa. Maneno hayo hayakuwa sahihi, kwa sababu hakuna anayeweza kuipanga shokapu ya hewa kabla ya kujua uzito wa atakayeipanda na njia atakayopita.

Fundi mmoja wa hapa Wete, mtu mzima mwenye subira, ndiye aliyenizuia nisiirudishe. Alinitaka nije na mkoba wangu na chupa za maji kama ninavyosafiri, kisha akaivuta ile pete ndogo ya mpira iliyomo kwenye mguu wa shokapu mpaka ikagusa sili, yaani mpira unaozuia mafuta yasitoke na uchafu usiingie. Niliegemea ukuta, nikasimama juu ya pedeli bila ya kurukaruka, nikashuka taratibu. Pete ilikuwa imesogea milimita 9 tu. "Maalim, hii haina ugonjwa," aliniambia. "Imetiwa upepo wa mtu mwengine."

Mimi nina kilo 78, na pamoja na mzigo hufika 82. Kwa njia kama zetu, uzito wa mpandaji na mzigo wake, akiwa ametulia, unatakiwa uibonyeze shokapu kiasi cha asilimia 20, yaani milimita 24 katika zile 120. Tulikuta psi 120 ndani yake (psi ni kipimo cha shinikizo la upepo), tukawa tunapunguza kidogo kidogo, na kila baada ya kupunguza tukaikandamiza mara kumi ili hewa ya vyumba viwili vya ndani ilingane, kwani bila ya hivyo kipimo hudanganya. Tuliishia psi 88. Kazi hii inataka pampu maalumu ya shokapu. Pampu ya kawaida ya tairi haifai, kwa kuwa nafasi ya hewa ndani ya shokapu ni ndogo sana na hewa kidogo inayovuja wakati wa kuchomoa inatosha kubadilisha kila kitu. Ule mshindo mfupi unaosikika unapoichomoa pampu ya shokapu hutoka kwenye mpira wa pampu, kwa hiyo usikushitue. Pima kivulini pia, maana jua huongeza shinikizo.

Mtambwe ikawa njia nyingine kabisa. Wiki mbili baadaye nilikwenda kwa wakwe zangu Micheweni, ambako udongo wa vilima unakwisha na mawe ya matumbawe yanaanza, madogo, makali na yaliyofuatana bila ya nafasi, na mikono ikaniuma tena kama mwanzo. Nikadhani upepo bado ni mwingi, nikaupunguza hadi psi 78. Hali ikazidi kuwa mbaya, na pete ya mpira ikafika mwisho kabisa wa mguu. Hapa ndipo nilipojifunza jambo ambalo ningependa kila mwenye shokapu alijue: ugumu una sababu mbili, upepo uliozidi au shokapu inayochelewa kuinuka, na dawa ya sababu moja huzidisha ugumu wa sababu ya pili.

Chini ya mguu wa kulia kuna kifundo cha kuzungusha kinachoongoza kasi ya shokapu kuinuka baada ya kubonyea. Ikiinuka haraka mno, gurudumu hudunda juu ya mizizi na kuiacha ardhi, na usukani hukosa utulivu. Ikiinuka polepole mno, haiwahi kusimama kabla ya jiwe linalofuata, basi kila jiwe huikuta imezama zaidi kuliko lile lililotangulia, mpaka inafika pahala haina tena nafasi ya kubonyea. Mpandaji huhisi chuma kitupu, hudhani upepo umezidi, naye akiupunguza huizamisha zaidi. Hivyo ndivyo nilivyofanya. Nilirudisha psi 88, nikafunga kifundo hadi mwisho wa upande wa polepole, nikakifungua huku nikihesabu hatua, yaani kila mlio mdogo wa kifundo. Mtambwe, yenye mizizi mikubwa iliyoachana, yanitosha hatua 6. Micheweni nahitaji 9, na kwa hatua hizo tatu tu maumivu yaliondoka siku ile ile. Badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja, ukaandike. Mimi nimeandika nambari hizo kwenye plasta chini ya kiti.

Kitasa cha kuifunga shokapu isibonyee hukitumia kwenye lami ya kupanda tu, sikiachi kimefungwa kwenye mawe.

Shokapu hii sasa naipenda na sina nia ya kuiuza, lakini inadai matunzo ambayo ya springi ya chuma haiyadai kwa kiwango hiki. Chumvi ya bahari ni adui yake mkubwa huku kwetu. Kila jioni hufuta miguu yake kwa kitambaa kibichi na baadaye kikavu, wala simwagii maji ya mpira yenye nguvu, kwani husukuma mchanga ndani ya sili. Mafuta ya miguu ya chini fundi hubadilisha kila baada ya saa 50 za kupanda, na wakati wa masika, matope yanapoganda, humpelekea mapema zaidi. Sili zenyewe sijazipata dukani hapa Wete, kwa hiyo nimeagiza pea mbili kutoka Dar es Salaam kabla zilizopo hazijaanza kuvuja.