Mpangaji wa mwaka au mgeni wa siku tatu?

Wageni wa siku chache huleta pesa nono, ila sheria ikigeuka, mwenye nyumba huumia papo hapo. New York ilipoanza kubana Septemba 2023, anayepangisha chini ya siku 30 alitakiwa kujisajili, awepo mwenyewe nyumbani, na wageni wasizidi wawili. Aliyenunua fleti kwa ajili ya wageni tu, hesabu zilimvurugikia.

Mpangaji wa muda mrefu humbana mwenye nyumba polepole. Ujerumani, tangu 2015, penye uhaba wa nyumba kodi ya nyumba anayotozwa mpangaji mpya kwa kawaida haizidi wastani wa eneo kwa zaidi ya asilimia 10 (majengo mapya yamesamehewa). Kumtoa nako ni kibarua! Mwenye mkopo wa benki, ningemshauri achukue mpangaji wa mwaka: kodi ndogo, lakini rejesho la mwezi lina pa kutokea.