Geji ya Presha ya Oili ya Bomba kwenye Massey Ferguson 135: Uzoefu Wangu wa Misimu Miwili

Trekta langu ni Massey Ferguson 135 lenye injini ya Perkins ya silinda tatu. Ninalitumia hapa Nachingwea kulimia ufuta na mbaazi, kufyekea majani chini ya mikorosho, na kuvutia tela la korosho hadi ghala la chama cha msingi. Aliyekuwa nalo kabla yangu alilifungia geji ya umeme, na siku moja katikati ya kulima mshale wake ulilala kwenye sifuri. Nilizima injini papo hapo, kwa sababu krenki (mhimili mkuu wa injini, unaozungukia kwenye beringi) inayozunguka bila oili huharibika kwa muda mfupi sana. Fundi niliyemwita aliutazama mshale, akasema, "Mzee, beringi zimelika, injini hii ifunguliwe." Gharama aliyonitajia ilinikosesha usingizi.

Kabla ya kukubali, nilikwenda Masasi nikanunua geji ya bomba kwa shilingi 35,000. Haina waya wala sensa: bomba jembamba la shaba huleta oili yenyewe kutoka kwenye bloku hadi nyuma ya geji, ambako upo mrija uliopindwa kama mundu, presha ikipanda, mrija hutaka kunyooka, na mnyooko huo ndio unaousukuma mshale. Nilipowasha injini ikiwa baridi ilionyesha psi 55 (psi ni kipimo cha presha, pauni kwa inchi ya mraba). Baada ya saa nzima ya kulima ilisimama kwenye 38, na niliporudisha mkono wa mafuta chini kabisa ikashuka hadi 15. Kitabu cha injini hii kinataka psi 30 hadi 60, yaani takriban bar 2 hadi 4, injini ikiwa imepata moto na inazunguka kwa kasi yake ya juu. Beringi zangu zilikuwa salama. Sensa ya umeme ndiyo iliyokufa.

Ningependa kila mwenye trekta kuukuu alielewe jambo hili, kwa maana nimeona watu wakiuziwa matengenezo wasiyoyahitaji, na wengine wakiendelea kulima huku injini inakufa. Namba ya presha peke yake haisemi kitu mpaka ujue oili ina joto gani na injini inazunguka kwa kasi gani. Oili ya asubuhi ni nzito, hupita kwa shida, kwa hiyo mshale hupanda hata kwenye injini iliyochoka. Ikipata moto huwa nyepesi na kupenya kwa urahisi kwenye nafasi za beringi, na hapo ndipo ukweli huonekana. Aidha, presha kubwa si lazima iwe habari njema, kwani njia ya oili ikiziba mbele ya mahali geji ilipofungwa, mshale unaweza kusimama vizuri huku sehemu za juu za injini zikikauka.

Geji hii ilinilipa zaidi msimu uliofuata. Kwa muda wa wiki moja hivi niliona kipimo cha kazini kikishuka kutoka 38 hadi 32, kisha 26, bila mlio wowote mbaya. Nilipochomoa stiki ya oili nilikuta kiwango kimepanda juu ya alama, ingawa sikuwa nimeongeza hata tone. Oili ilitiririka kidoleni kama maji na kunuka dizeli. Kisababishi kilikuwa mpira wa ndani wa pampu ndogo ya dizeli, ile yenye kijimkono cha kupampia, iliyofungwa ubavuni mwa injini: ulikuwa umechanika na kuimwaga dizeli kwenye oili. Nilibadilisha pampu, nikamwaga oili yote, nikaweka filta mpya na oili ya 15W-40, na mshale ukarudi kwenye 37. Ningetegemea taa ya onyo, isingewaka mpaka presha iwe imeshuka mno.

Kasoro zipo. Kiungio kilichokuja na geji hakikukaa sawasawa kwenye tundu la bloku, ikabidi fundi mchongaji anitengenezee kingine. Bomba la shaba nalo, nililolivuta moja kwa moja, lilipasuka kwa mtikisiko baada ya miezi minne na kurusha oili ya moto karibu na goti langu. La sasa nimelizungusha mara mbili kama koili karibu na injini na kulifunga mpira kila linapogusa chuma. Kioo huingia vumbi, na geji haina taa, jambo linalosumbua sana tunapovuta korosho usiku. Nimeipa nyota nne kati ya tano, na tayari nimenunua bomba la akiba, ambalo nalibeba kwenye boksi la spana.