Helikopta ya rimoti ya kwanza: ipi ununue ukiwa Lamu

Nianze na jibu, maana wengi husoma mambo haya pesa zikiwa tayari mkononi. Kwa mtu mzima, au kijana aliyekwisha kutulia, helikopta ya kwanza iwe ndogo, ya chaneli nne, yenye seti moja tu ya mapanga juu na panga dogo mkiani, rimoti yake iwe ya 2.4 GHz, yaani ya mawimbi ya redio, na vipuri vyake viuzwe kimoja kimoja. Hilo la mwisho ni zito kuliko yote. Kurusha helikopta hujifunzwa kwa kuiangusha, na chombo kisicho na mapanga ya akiba huishia kabatini siku ile ile kilipofunguliwa.

Kwa nini chaneli nne? Mapanga ya juu yakizunguka upande mmoja, kiwiliwili hutaka kuzunguka upande wa pili, na panga la mkiani ndilo linalokizuia. Mwanafunzi hapo anakutana na kazi yenyewe: kupanda na kushuka, kugeuza pua, kwenda mbele na nyuma, kwenda ubavuni; kila mwendo una chaneli yake. Kwenye rimoti nyingi zinazouzwa siku hizi mpini wa kushoto hupandisha na kugeuza pua, wa kulia huelekeza mwendo. Zipo zilizopangwa kinyume, kwa hiyo muulize muuzaji kabla ya kulipa. Ukishachagua mpango mmoja baki nao, kwani vidole vikizoea ni taabu kuvifundisha upya.

Katika kundi hili WLtoys V911 imejijengea jina kwa wanaoanza, na naiweka ya kwanza bila kusita. Ni nyepesi mno, hata ikigonga ukuta mara nyingi huanguka ikainuka tena. Juu ya mapanga ina kifito chenye uzani kinachoituliza. Ndugu yake V911S haina kifito hicho. Hutulizwa na jairo ya kielektroniki, kifaa kinachohisi chombo kikiyumba. Karibu nazo iko C186, yenye umbo la Bo 105, helikopta ya Kijerumani iliyoruka mara ya kwanza mwaka 1967. Hiyo hupima kanieneo ya hewa na kujishikilia kwenye kimo kimoja, hata ukiachia mpini wa kushoto. Inapendeza machoni na inampa mtu moyo siku ya kwanza. Hata hivyo mimi namshauri anayetaka kujifunza kweli achukue V911, kwa sababu kidole gumba kisipojifunza kushika kimo mapema, kitakuja kujifunza kwenye chombo cha bei kubwa. Tena upepo wa bahari hubabaisha kipimo kile cha hewa: dhoruba ndogo ikipita, helikopta hupanda na kushuka bila kuambiwa.

Ya pili ni zile zenye seti mbili za mapanga zinazozunguka kinyume, kama Syma S107G. Kwa kuwa seti moja hufuta msokoto wa nyingine, chombo hutulia chenyewe hewani. Hapa nyumba zetu zina neno. Vyumba vya nyumba za mawe za Amu, yaani mji wa Lamu, ni virefu lakini vyembamba, kwa kuwa dari hubebwa na boriti za mikoko, na urefu wa boriti una mpaka wake. Ndani ya chumba cha namna hiyo, S107G hucheza vizuri kuliko nyingine yoyote. Inamfaa mtoto mdogo akiwa na mkubwa karibu. Upungufu wake ni mbili: haiwezi kwenda ubavuni, na rimoti yake hutumia mwanga wa infraredi, ambao jua kali huuzima kabisa. Usiipandishe juu ya paa mchana; ngoja magharibi au ibaki ndani.

Ya tatu si helikopta, ni simuleta, programu ya kujifunzia kurusha kwenye kompyuta, kama vile RealFlight, kwa mwenye kompyuta inayoiweza na rimoti ya kuunganisha. Kuanguka humo hakugharimu kitu. Nimeiweka hapa kwa sababu ya gharama ya kuanzia tu; anayekusudia kufika daraja la nne aione kuwa lazima.

Daraja la nne ni helikopta zinazobadilisha pembe ya mapanga zikiwa hewani. XK K110 ni ndogo, T-Rex 450 ni kubwa zaidi, na mapanga yake yana urefu wa milimita 325 kila moja. Mapanga hayo hujeruhi vibaya. Katika vichochoro vyetu, penye watoto na punda kila kona, chombo hicho hakina nafasi, na kwa anayeanza hakina nafasi popote.

Kwadikopta, ile ya mapanga manne, sikuitia kwenye orodha. Ni chombo kizuri, lakini hujituliza chenyewe na haina mkia wa kuudhibiti, kwa hiyo haikufundishi helikopta.

Sasa betri. Helikopta hizi ndogo huruka dakika chache tu kwa chaji moja, basi nunua betri za ziada siku ile ile. Pumzisha mota kati ya betri na betri, hasa kwa joto letu. Betri ya LiPo (lithiamu polima) ya seli moja huandikwa 3.7 V, ikijaa hufika 4.2 V, na ikishushwa chini ya 3 V huharibika. Usiichaji ukiwa umelala, usiiache juani, na ikivimba usiitumie tena. Mzigo ukija kwa basi hadi Mokowe, gati la upande wa bara, kisha kwa boti, mwambie muuzaji aufunge kwa nailoni nzito, kwani maji ya chumvi hula mota na waya. Ukija nayo kwa ndege, betri za akiba ziwe kwenye mkoba wa mkononi, ncha zake zimefunikwa.

Pwani ya Shela inavutia, lakini mchanga ukiingia kwenye gia umeimaliza. Tafuta uwanja wenye nyasi, asubuhi mapema. Kusi likivuma, hasa Juni hadi Agosti, V911 ibaki ndani. Matlai ya Oktoba na Novemba ndiyo majira ya kutoka nje. Uwanja wa ndege uko Manda, ng'ambo tu ya mkondo, na ndege hushuka humo kila siku, kwa hiyo upande huo uachwe kabisa. Kenya ina kanuni za vyombo visivyo na rubani za mwaka 2020 chini ya KCAA, mamlaka ya usafiri wa anga. Ukifikiria chombo kikubwa, waulize kabla hujaagiza, usingoje mzigo ufike bandarini.

Siku ya kwanza iweke mkia ukielekea kwako, ili kushoto kwake kuwe kushoto kwako, na usitafute zaidi ya kuituliza mahali pamoja. Ukiona inakwenda kugonga, shusha mpini wa kushoto mpaka chini kabla haijagonga: mapanga yasiyosukumwa na mota hayavunji gia kirahisi.