Korongo la Nyari, Marafa: Saa Saba Mchana na Saa Kumi Jioni

Nimefika Marafa mara mbili, na lau ningeandika maoni yangu baada ya safari ya kwanza, ningewashauri watu wabaki Malindi wakaogelee. Safari ya pili, niliyoifanya mwezi wa Februari pamoja na shangazi yangu na binti yake, ilinilazimu kuyafuta maoni hayo karibu yote, ijapokuwa korongo lilikuwa lile lile na njia zake zile zile. Kilichobadilika ni saa tuliyofika na mtu aliyetutangulia njiani.

Marafa iko kaskazini-magharibi mwa mji wa Malindi, katika Magarini, Kaunti ya Kilifi. Ukitoka mjini unavuka daraja la mto Sabaki, ambao maji yake ni yale yale yanayoitwa Athi na Galana huko juu bara, kisha unaiacha barabara ya Garsen na kushika njia ya ndani, kati ya mikorosho, miembe na mashamba ya mahindi. Hakuna mlima wala kilima cha kukuonyesha kwamba umekaribia. Nchi ni tambarare mpaka ufike ukingoni, na hapo ndipo unapoiona imekatika chini ya miguu yako, na ndani ya ule mkato zimesimama nguzo, kuta na vichuguu vya mchanga, vyeupe, vya waridi, vya rangi ya chungwa na vyekundu vilivyoiva. Wagiriama hupaita Nyari, kwa maana ya mahali palipovunjika penyewe. Jina la Hell's Kitchen, yaani jiko la jehanamu, ni la wageni, nalo huwafanya watu wapachanganye na Hell's Gate, hifadhi ya wanyama ya Naivasha. Jirani yangu mmoja aliniuliza kama tuliwaona pundamilia. Hapa hakuna pundamilia, na mbuzi wa kijijini ndio wanyama wakubwa tuliokutana nao.

Safari ya kwanza niliilipia kwa kampuni moja ya matembezi ya mjini ambayo sitaitaja. Walituchukua baada ya kifungua kinywa, wakatupitisha kwenye maduka mawili ya vinyago ambayo hatukuyaomba, na wakatufikisha Marafa saa saba mchana. Wakati huo jua liko utosini, kuta hazina kivuli, na rangi zote zimefifia zikawa kama kanga iliyoanikwa mwaka mzima. Tulitembezwa ukingoni kwa dakika ishirini, tukapigwa picha, tukarudishwa garini. Hakuna aliyetuambia kwamba ipo njia ya kushuka. Nililipa fedha nyingi kwa ajili ya kutazama shimo kutoka juu, tena kwa saa ambayo wenyeji wenyewe wamejificha chini ya miembe.

Mara ya pili tulikwenda wenyewe kwa gari la kukodi na tukafika saa kumi jioni. Eneo linasimamiwa na wanakijiji wa Marafa, kiingilio hulipwa kwao hapo hapo, na kiongozi hutoka miongoni mwao. Tuliyempata alikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu, aliyevaa malapa, akiwa na fimbo nyembamba mkononi ambayo mwanzoni nilidhani ni ya mapambo. Kabla hatujapiga hatua kumi, binti ya shangazi alisogea ukingoni ili apige picha, na kijana akamzuia kwa ile fimbo, kisha akamwambia mama yake kwa upole: “Shangazi, mwambie asisimame hapo. Juu ni ardhi, lakini chini yake hamna kitu.” Akaingia pembeni, akagonga mdomo wa ukingo mara mbili, na bonge la udongo lenye ukubwa wa kinu likang'oka na kwenda zake bila kelele yoyote, mpaka tuliposikia limetua. Katika safari ya kwanza nilikuwa nimesimama mahali kama hapo, tena kwa kuelekezwa, ili picha itoke vizuri.

Njia ya kushuka huanzia upande ambao mteremko si mkali sana. Sehemu ya juu ina vidato vya kukanyagia vilivyochongwa ardhini, na baadhi yake vimeliwa na maji kiasi kwamba mguu wa mtu mfupi hauvifikii kwa hatua moja. Shangazi, ambaye amepita miaka sitini, alishuka hapo kwa kukaa kitako na hakuona aibu. Ukishafika chini, mwendo unakuwa mwepesi. Unafuata mkondo mkavu wa maji wenye mchanga laini, unapinda na kupinda tena kati ya kuta zinazoupita mnazi mrefu, na kila kona inafungua chumba kingine chenye rangi nyingine. Mahali fulani njia inabana hadi watu hupita mmoja mmoja, nao mkono ukigusa ukuta unatoka na unga mwekundu. Nilikichukua kipande kilichoanguka na kukibana kwa vidole viwili. Kilivunjika kama kashata ya nazi iliyokaa sana dukani.

Ulaini huo ndio unaolieleza korongo zima. Ni mchanga ulioshikamana bila kuwa jiwe gumu, umepangwa tabaka juu ya tabaka, na kila mvua inapopita huchukua sehemu yake, wakati upepo hunoa kinachobaki. Wekundu hutokana na chuma kilichoshika kutu ndani ya mchanga. Wanajiolojia wamelitumia jina la Magarini kuuita mchanga wa namna hii katika pwani ya Kenya. Kiongozi wetu aliyajua hayo na akayaeleza vizuri, lakini aliyaweka nyuma ya hadithi, na nadhani alikuwa na haki. Inasimuliwa kwamba hapo paliishi ukoo tajiri wenye ng'ombe wengi mno, waliojivuna hata wakawa wanaoga maziwa, ndipo Mungu alipokasirika na mji wao ukazama ardhini. Weupe wa kuta ni yale maziwa, wekundu ni damu yao. Shangazi alisikiliza mpaka mwisho, akautazama ukuta mweupe kutoka chini hadi juu, akauliza hao ng'ombe walikuwa wakikamuliwa na nani. Kijana alicheka na kukiri kwamba hajawahi kuulizwa swali hilo.

Jua lilipoteremka kuelekea saa kumi na mbili, ukuta wa mashariki uliwaka. Sina neno jingine. Tabaka ambazo mchana niliziona za udongo tu zilijitenga moja moja, waridi ikaachana na chungwa, na vivuli vikaingia katika mifereji yote midogo ambayo mwanga wa utosini huifuta. Tulikaa hapo karibu nusu saa na kiongozi hakutuharakisha, jambo ambalo ninalihesabu katika ubora wa huduma yake kuliko hata maelezo. Kwa mwendo wa shangazi, pamoja na mapumziko, matembezi yote ya chini yalituchukulia saa moja na nusu. Mtu mwenye miguu mizima anaweza kuyamaliza kwa nusu ya muda huo, ingawa sioni faida yake.

Kasoro zipo. Chini hakuna kivuli wala maji ya kunywa, kwa hiyo kila mtu abebe chupa yake, na viatu viwe vya kufunga, kwa sababu mchanga hujaa katika ndara na malapa yanafaa kwa nyayo za kijana wa Marafa peke yake. Vidato nilivyovitaja vinahitaji kukarabatiwa, na kamba ya kushikia mahali pale pa mteremko ingewasaidia wazee na watoto. Lililoniudhi zaidi ni majina. Kwa kuwa ukuta unachongeka kwa ncha ya ufunguo, wageni wameandika majina yao, ya wachumba wao na ya shule zao kila walipofika kwa mkono, na kiongozi alisema kwamba akiwakemea baadhi yao humjibu kwamba mvua itafuta. Ni kweli kwamba mvua itafuta, ila itafuta pamoja na ukuta.

Kuhusu mvua, nisingeshauri mtu ashuke wakati wa masika, wala siku yoyote ambayo wingu limefunga. Njia ya miguu ya huko chini ndiyo njia ya maji, na mteremko ukilowa unateleza kama sabuni. Mwezi wa Septemba 2019 mafuriko ya ghafla yaliwaua watembezi katika korongo la Hell's Gate kule Naivasha, na ingawa mahali ni pengine, kanuni ya korongo ni moja: mvua inaweza kunyesha mbali na ikakufikia wewe uliye pakavu. Tulipomuuliza kijana wetu kuhusu jambo hilo alijibu bila kusita kwamba akiona dalili hawashushi watu, hata wakiongeza fedha. Swali hilo linafaa kuulizwa kabla ya kulipa.

Atakayekwenda bila gari lake apatane mapema na dereva kuhusu malipo ya kungoja, maana uzuri wa mahali hapa unaanza saa ambayo usafiri wa abiria unaadimika, na kurudi Malindi usiku kwa bodaboda ni mwendo mrefu na wenye vumbi. Sisi tulikubaliana na wetu tukiwa bado mjini. Tulipopanda kutoka korongoni gizani, kwa mwanga wa simu ya kiongozi, tulimkuta amelala kwenye kiti cha nyuma, na fedha ya kungoja ikawa ile ile tuliyoafikiana.