Pakeji ya seli shina India kwa aliyeumia uti wa mgongo: tumeikagua kipengee kwa kipengee

Hapa Mombasa, mtu akianguka mnazini au akigongwa akiwa juu ya bodaboda na miguu ikafa, haipiti miezi mingi kabla jamaa zake hawajatumiwa karatasi ya bei. Huja kwa WhatsApp kutoka kwa ajenti wa matibabu ya nje: seli shina (stem cells, yaani seli changa zinazoweza kugeuka kuwa seli za aina nyingine), siku saba hadi kumi, hospitali ya Delhi, Mumbai au Chennai, malazi ya mgonjwa na mtu wa kumsindikiza, gari la kuwapokea uwanja wa ndege. Duniani kote bei zinazotangazwa huanzia kama dola 5,000 hadi 50,000. Tuchukue dola 10,000 iwe mfano wetu, yaani takriban shilingi 1,300,000. Kwa familia nyingi hizo ni kamati ya mchango, paybill, na pengine kiwanja kuuzwa.

Tunachokagua hapa ni pakeji hiyo kama aina ya huduma, si kliniki fulani. Vipengee vyake vinafanana sana popote inapouzwa.

Siku ya kwanza ni vipimo: damu, picha ya MRI, na mtaalamu wa fiziotherapia kumwangalia mgonjwa. Hapa ndipo pa kukazia macho. Kipimo kinachotambulika duniani ni cha ASIA, chama cha Marekani cha majeraha ya uti wa mgongo. Kikifanywa sawasawa, mpimaji hugusa sehemu 28 kila upande wa mwili, kwanza kwa pamba kisha kwa ncha ya pini, hupima misuli kumi kila upande na kuipa alama 0 hadi 5, kisha huingiza kidole chenye glavu njia ya haja kubwa kuona kama kuna hisia na kama misuli inabana. Halali ya kazi hiyo ni karibu saa nzima. Mwishoni mgonjwa hupewa herufi, A ikiwa hakuna hisia wala nguvu hata kule chini kabisa, E ikiwa kila kitu ni kizima. Kliniki ambayo haikumpima hivyo kabla ya sindano, halafu miezi sita na kumi na miwili baadaye, haina njia ya kujua kama seli zimefanya kazi. Nyingi hutoa video badala ya fomu: mgonjwa amefungwa vyuma vya miguu, anasukumwa asimame kwenye vyuma sambamba, watu wanapiga makofi. Hata aliyepimwa A atasimama akifungwa vyuma vya kutosha.

Siku ya pili au ya tatu ni uboho. Mgonjwa hupigwa ganzi kwenye mfupa wa nyonga, sindano nene inaingizwa, na mililita 80 hadi 120 zinavutwa. Maabara huzizungusha kwenye mashine na kutenga tabaka la seli wanalolitaka, kazi ya saa tatu au nne. Jioni hiyo hiyo seli zinachomwa kwenye maji yanayozunguka uti wa mgongo, kwa sindano inayopita kati ya pingili ya nne na ya tano ya kiuno. Hata aliyeumia shingoni huchomwa hapo hapo chini, kwa matumaini kwamba seli zitapanda zenyewe hadi kwenye jeraha.

Ajenti atakwambia mgonjwa atapata "seli milioni mia". Muulize seli gani. Tabaka linalotoka kwenye mashine lina seli za kila namna, nyingi zikiwa za damu na za kinga. Seli shina za mesenkaima, ambazo ndizo tafiti nyingi huzijaribu, ni moja tu katika kila elfu kumi hadi laki moja. Kwa hivyo ndani ya hizo milioni mia mna seli shina elfu moja hadi elfu kumi basi. Linganisha na jaribio la Mayo Clinic ya Marekani: wagonjwa walitolewa mafuta mwilini, seli zikaoteshwa maabara kwa wiki kadhaa, na ndipo kila mmoja akachomwa seli shina milioni 100 kamili. Pakeji ya wiki moja haiwezi kufanya hivyo kwa seli zako mwenyewe. Siku hazitoshi.

Wengine hukwepa tatizo hilo kwa kutumia seli za kitovu cha mtoto wa mtu mwingine, zinazokuja zimegandishwa na kuchomwa mara nne hadi sita, nyingine mgongoni, nyingine kwenye mshipa wa mkono. Hapo omba karatasi mbili: ya vipimo vya mama aliyetoa kitovu, yaani virusi vya UKIMWI, homa ya ini B na C, na kaswende, na ya asilimia ya seli zilizo hai baada ya kuyeyushwa. Wadhibiti wa Marekani huhesabu 70 kuwa kiwango cha chini. Maabara isiyotaka kuonyesha namba hiyo ina sababu yake.

Siku zinazobaki ni fiziotherapia, mara mbili kwa siku, saa mbili mbili: kunyoosha viungo, kukaa bila kuegemea, kusimamishwa kwenye meza inayoinuka, kujifunza kuhama kutoka kitandani hadi kitini. Kwa uaminifu wote, hii ndiyo sehemu nzuri ya pakeji, na kwa mtu ambaye tangu atoke wodini hajawahi kushikwa na fizio zaidi ya dakika ishirini, lazima aone tofauti. Mabega yanapata nguvu, kiwiliwili kinatulia, mkakamao wa misuli unapungua. Wote hurudi wakisema seli zimeanza kazi. Kwa siku kumi, kilichofanya kazi ni mazoezi.

Na tafiti zenyewe? Zipo, tena za kutia moyo, ila hazifanani na kinachouzwa. Lile jaribio la Mayo, lililochapishwa 2024, lilikuwa la watu kumi. Saba walipanda daraja la ASIA, watatu hawakubadilika. Ni hatua ya kwanza, inayopima usalama, na halikuwa na kundi la kulinganisha. Japani iliidhinisha kwa masharti, Desemba 2018, matibabu yaitwayo Stemirac kwa ushahidi wa watu 13 tu, na wanasayansi wengi waliilaumu kwa kukimbilia. Uboho lazima utolewe ndani ya siku 31 tangu ajali. Chuo Kikuu cha Keio, Tokyo, kilipandikiza seli milioni mbili ndani ya uti wenyewe kwa watu wanne, kuanzia Desemba 2021, wote wakiwa wiki mbili hadi nne tangu kuumia. Matokeo yaliyotangazwa Machi 2025 yalionyesha wawili wamepata nafuu kubwa, mmoja wao akaweza kusimama. Kijana aliyeanguka mwembeni Kilifi mwaka juzi hayumo katika hesabu ya Wajapani hao.

Kuna jambo jingine ambalo brosha hazilisemi. Kati ya watu 100 waliopimwa A siku za mwanzo, karibu 20 hupanda daraja ndani ya mwaka bila seli yoyote, na walioumia nusu, yaani waliobaki na hisia au nguvu kiasi chini ya jeraha, hupata nafuu kubwa zaidi ya hapo. Sehemu kubwa ya nafuu hiyo huja miezi sita ya kwanza. Anayesafirishwa mwezi wa nne tangu kuumia akaanza kuchezesha kidole mwezi wa sita, seli zitapewa sifa ambayo pengine ni ya mwili wake.

Sasa hatari. Seli zako mwenyewe zilizotolewa na kurudishwa siku hiyo hiyo ndizo zenye hatari ndogo: kichwa kuuma sana ukikaa na kutulia ukilala, kwa sababu maji ya mgongo yamevuja, homa, mara chache maambukizi ya uti wa mgongo. Seli za mtu mwingine, za mimba au za tishu nyingine ni habari tofauti. Mgonjwa mmoja aliyepandikizwa tishu za pua Ureno ili atembee alirudi na maumivu ya mgongo miaka minane baadaye. Ripoti ya 2014 inaeleza jinsi madaktari wa Marekani walivyotoa uvimbe uliokuwa ukitengeneza kamasi ndani ya mgongo wake. Mwingine, aliyekuwa na kiharusi tu, alichomwa seli China, Argentina na Mexico. Kufikia 2016 iliripotiwa kuwa ana uvimbe kwenye mgongo, wenye seli za mtu mwingine, na miguu yake ilikuwa imepooza.

Tena aliyekwisha kuchomwa seli popote hukataliwa na majaribio mengi halali yanayokuja, kwa kuwa watafiti hawawezi kutenganisha athari za mwanzo na za baadaye. Kwa kijana wa miaka 22 hiyo ni gharama kubwa kuliko tikiti.

Upande wa sheria uko wazi kuliko watu wanavyodhani. Mwongozo wa kitaifa wa India wa 2017, uliotolewa na baraza lao la utafiti wa tiba, ICMR, unakubali seli shina kama tiba kwa magonjwa ya damu tu. Mengine yote, uti wa mgongo ukiwemo, yafanywe ndani ya jaribio lililoidhinishwa, na mgonjwa wa jaribio hatozwi pesa. Ukipewa karatasi ya bei, hilo si jaribio kwa mujibu wa mwongozo wao wenyewe. Ajenti akitaja nambari ya usajili wa jaribio, ifungue usome: kusajiliwa kwenye orodha ya mtandaoni hakumaanishi kwamba mamlaka yoyote imepitisha matibabu hayo.

Wanaoamua kwenda hata hivyo wajue kwamba tunaona hatari kubwa njiani kuliko kwenye sindano. Viza ni ya matibabu, ya wasindikizaji huombwa pamoja. Kadi ya chanjo ya homa ya manjano iwe na siku kumi kamili kabla ya kuingia India, la sivyo mtu huwekwa karantini. Kutoka uwanja wa ndege wa Moi, Mombasa, hakuna ndege ya moja kwa moja. Ni kupitia Nairobi, Addis Ababa au Dubai, kwa hiyo mgonjwa atabebwa kiti hadi kiti mara nne au zaidi. Shirika la ndege liarifiwe angalau saa 48 kabla, kwamba abiria hawezi hata hatua moja na anahitaji kile kiti chembamba cha ndani ya ndege. Vinginevyo wapakiaji humbeba kwapani, na ngozi ya makalio huchubuka pale pale.

Mto wa kiti chake cha magurudumu usiende kwenye mizigo. Utandikwe juu ya kiti cha ndege, na kila nusu saa ainamishwe mbele au pembeni kwa dakika mbili, hata kama amelala. Kidonda cha kulalia kinaweza kuanza kwa safari moja na kuchukua miezi kupona, na kliniki ikiona kidonda huahirisha sindano huku hoteli ikiendelea kuhesabu. Puto la mpira wa mkojo lijazwe maji safi ya hospitali, si hewa, maana hewa hutanuka angani. Mfuko umwagwe kabla ya kupanda. Daktari aulizwe kuhusu sindano ya kuzuia damu kuganda.

Walioumia pingili ya sita ya kifua kwenda juu wana hatari moja ya ziada: mpira ukijikunja au kibofu kikijaa, presha hupanda ghafla, kichwa kinapasuka kwa maumivu, uso unatoka jasho. Presha ya kawaida ya mtu wa namna hii huwa 90 hadi 110, kwa hiyo 140 kwake ni dharura hata kama muhudumu wa ndege ataona ni kawaida. Mketishe wima, legeza nguo, nyoosha mpira, kisha angalia kama choo kikubwa kimekwama. Anayesindikiza ajue hatua hizo kwa moyo, na kipimo cha presha kiwe mkobani.

Alama zetu, basi. Mapokezi na malazi: vizuri. Fiziotherapia: vizuri sana, ila ni fupi mno. Maelezo kabla ya kusaini: dhaifu. Seli: hazijathibitishwa, na kwa vipimo vinavyotolewa haziwezi kuthibitishwa. Ufuatiliaji baada ya kurudi: karibu haupo, zaidi ya ujumbe wa kuuza awamu ya pili.

Kwa shilingi 1,300,000 hizo hizo, tuseme fizio wa kuja nyumbani anataka 2,000 kwa kikao: ni vikao 650, vitatu kwa wiki kwa miaka minne. Au vikao 300, kisha 700,000 zinazobaki zinunue kiti kilichopimwa kwa mwili wake, mto mzuri wa kuzuia vidonda, mipira ya kujitoa mkojo mwenyewe, na fundi wa kupanua mlango wa choo na kujenga mteremko wa zege, futi kumi na mbili za urefu kwa kila futi moja ya kimo. Kwa viti, anzia APDK, chama cha watu wenye ulemavu wa viungo Kenya, Port Reitz, badala ya kununua kile cha hospitali cha bei ya rejareja ambacho makalio huzama katikati. Kadi ya baraza la watu wenye ulemavu, NCPWD, ichukuliwe mapema, ndiyo inayofungulia misaada ya vifaa.

Kwa aliyekwisha kwenda na kurudi: dai ripoti kamili ya kuruhusiwa, yenye aina ya seli, idadi, nambari ya bechi na mahali zilipochomwa, na umpe daktari wako nakala. Homa, shingo kukakamaa au kichwa kisichotulia ndani ya wiki mbili ni safari ya haraka kwenda hospitali ya Makadara, si ya kusubiri ajenti ajibu. Maumivu mapya ya mgongo au nguvu iliyokuwepo kupungua, hata baada ya miaka mitano, yanahitaji MRI, na mwambie anayeisoma kwamba uliwahi kuchomwa seli.