"Mistari miwili tu"

Ndivyo walivyoandika kwenye maelezo yao. Pakua, bandika mistari miwili, grafu hiyo. Nami mtu mzima nikaamini.

Jina silitaji, nisije nikawatangazia biashara. Ni laibrari ya kuchora grafu, yaani msimbo ulioandikwa tayari, na nilitaka kuiingiza kwenye Moodle, mfumo wa masomo mtandaoni wa chuo chetu, ili mkuu wa idara aone mahudhurio kwa rangi, siku kwa siku. Msinipigie kelele kwamba Moodle ina laibrari yake ya grafu ndani, Chart.js, tangu toleo la 3.2. Najua. Ile kalenda ya vibokisi vya rangi haimo.

Faili nikaliweka kwenye folda ya plagini yangu, kile kipande cha kuiongezea Moodle kazi, nikaliandikisha kwenye thirdpartylibs.xml, orodha ya misimbo ya watu wengine, pamoja na leseni yake, nikafuta kashe (nakala za muda), nikafungua ukurasa. Mweupe pee! Konsoli, dirisha la makosa la kivinjari, imeandika kwa wekundu: "Mismatched anonymous define() module".

Siku mbili nimehangaika. Nimebadilisha toleo, nimebadilisha kivinjari, nimemsingizia hadi kijana wa seva, mtoto wa watu hana hatia. Kumbe laibrari ikiingia inachungulia kwanza. Ikikuta RequireJS, kile kipakiaji cha moduli (vipande vya msimbo), na kwenye Moodle ipo kila ukurasa, inajisajili huko kimyakimya bila jina, na kile kigeu, jina ninaloiitia laibrari kwenye msimbo wangu, hakiundwi kabisa. Mgeni kaingilia mlango wa uani, mimi namsubiri barazani.

Sentensi moja kwenye maelezo ingeniokoa! Nikawaandikia kwa adabu, salamu na shukrani mbele. Wakajibu kwamba tatizo ni langu, swali wakalifunga. Basi. Sawa, kitu ni cha bure, sidai. Ila hata "pole", jamani?

Nyota moja, na hiyo ni kwa huruma.

Nikalihamishia faili kwenye amd/src, folda ya moduli za Moodle, nikaendesha Grunt, programu inayoziandaa, moduli ikapata jina, nikaiita kwa njia ya Moodle yenyewe. Ikachora. Na inachora vizuri, mnisamehe, hata kwenye simu yangu yenye kioo kilichopasuka. Basi, mbili.

Mkuu wa idara alipoona safu ya Ijumaa mchana nyekundu tupu, wiki baada ya wiki, alinyamaza, akavaa miwani, akaniomba nimchapishie nakala.

Haya, tatu. Lakini jana nimepita tena kwenye maelezo yao. Bado ni mistari miwili.